Tangi la matumbawe la lita 800 sebuleni, Dar: niamue nini kabla fundi hajakata vioo?

Mbezi_Juu

Habari wakuu. Napanga tangi la maji chumvi lenye matumbawe hai. Vipimo vya ndani ni urefu sm 180, upana sm 75, kina sm 60. Nyumba ni ya chini, sakafu ya zege imekaa moja kwa moja juu ya ardhi. Chini ya tangi kutakuwa na sampu (tangi la chini la kusafishia maji) ya lita 200 yenye skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu) na pampu ya kurudisha maji. AC ya sebuleni inawashwa jioni tu. Umeme ni wa Luku (wa kulipia kabla), na ukikatika huweza kudumu kwa muda wa saa sita. Maji ya nyumbani ni ya kisima, yana chumvichumvi.

Nataka kuanza na matumbawe laini na yale magumu yenye nyama nene. Yale magumu ya matawi yasubiri mpaka mwaka upite. Naomba kujua unene wa kioo, kama nichote maji baharini au ninunue chumvi ya pakiti, na kama mashine ya kupoza maji inaweza kuepukwa nikiweka feni. Fundi anasubiri vipimo.

Pimamaji

Mkuu, kwa kina cha sm 60 kata milimita 15 ikiwa hutaki mbavu za kioo juu. Milimita 12 inatosha ukizungushia mbavu za upana wa sm 8 hadi 10 ukingo wote wa juu na kuweka daraja moja katikati. Kwa milimita 15 vioo peke yake vinafika kilo 165, kwa hiyo andaa watu sita na vinyonyeo vya kubebea vioo, wasibebe kwa mikono mitupu.

Uzito wote ni hivi: maji kama kilo 800, vioo 165, mawe 50 hadi 60, mchanga 60, stendi na sampu iliyojaa 250 na ushee. Unazungumzia tani 1.3 juu ya mita ya mraba 1.35. Kwenye zege lililokaa ardhini hakuna shida. Anayesoma hapa akiwa ghorofani asijaribu bila mhandisi, maana sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 tu kwa mita ya mraba.

Stendi: bomba la chuma la mraba 50 x 50, unene milimita 3, miguu sita, rangi ya epoksi tabaka mbili kabla haijaingia ndani. Weka pimamaji pande zote nne na kwenye pembe mbili za mshazari. Kama kuna tofauti, weka kabari chini ya miguu, usiweke kati ya tangi na stendi. Juu ya stendi laza plaiwudi ya milimita 18, kisha foma ngumu ya milimita 10, ndipo tangi.

Matundu yatobolewe kabla ya kugundisha, na baada ya wewe kuwa na tanki-konekta (kiungo cha bomba kinachopita kwenye tundu la kioo) mkononi, kwa sababu "inchi moja na nusu" ya duka hili si sawa na ya duka la pili. Kutoka ukingo wa tundu mpaka ukingo wa kioo acha angalau nafasi inayolingana na kipenyo cha tundu lenyewe. Na muulize fundi kama kioo kimechomwa kuongezewa ugumu. Kikiwa hivyo, hakitoboleki, kitapasuka vipande vidogo palepale.

Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ikae siku saba, halafu jaza tangi uani, likiwa juu ya stendi yake: theluthi moja, subiri saa chache, theluthi mbili, subiri, mpaka juu, kisha liache siku mbili. Futa viungo vyote vikauke na uzungushie karatasi ya chooni chini. Tone moja tu huonekana kwenye karatasi kabla jicho halijaliona kwenye kioo.

Kaskazi26

Kabla ya samaki, kabla ya taa, panga tangi lako kana kwamba umeme umeshakatika. Mifumo mingi ya nyumbani hapa pwani hufa kwa sababu mbili, mafuriko na kukosa hewa, na zote huanza umeme ukizimika.

Mafuriko kwanza. Eneo la juu la maji yako ni mita ya mraba 1.35, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 13.5. Pampu ikizima, maji hurudi nyuma kupitia bomba la kurudishia mpaka mdomo wake upate hewa. Ukiweka mdomo sm 5 chini ya usawa ambao maji huanza kupita kwenye meno ya kisanduku cha kumwagia (kinachopokea maji yanayoshuka kwenda sampu), lita 67 zinateremka. Ongeza maji yaliyokuwa juu ya usawa huo, sm 1 hadi 1.5, hiyo ni lita 15 hadi 20. Ongeza yaliyomo kwenye mabomba, lita 10. Umekaribia lita 100, na sampu yako ya lita 200 ikiwa imejaa nusu, imebaki nafasi ya lita 100 hizohizo. Yaani unakosa hata nafasi ya kosa la ndoo moja. Weka mdomo sm 1 tu chini ya usawa huo, utakuwa unashusha lita 40 kwa jumla. Usitegemee vavu ya kuzuia maji kurudi, punje moja ya mchanga inaiacha wazi. Kitundu cha kuvuta hewa nacho huzibwa na mwani au konokono. Kisha jaribu kwa makusudi: zima pampu mara tatu na uchore mstari kwa kalamu ya wino sugu ndani ya sampu pale maji yanapoishia. Sampu ikiwa inafanya kazi, usiijaze kamwe zaidi ya kiwango kile ulichojaribia.

Maji ya kushuka yapitie mabomba matatu ya inchi moja na nusu: la kwanza linajaa maji matupu na kurekebishwa kwa geti-vavu, la pili linapitisha mtiririko mdogo, la tatu kavu, la dharura. Koki ya kugeuza robo mzunguko haifai kwenye lile la kwanza, huwezi kuirekebisha kidogokidogo. Pampu ya kurudisha iwe ya lita 3,000 hadi 4,000 kwa saa baada ya kuhesabu urefu wa kupanda. Mzunguko mkubwa ufanywe na pampu za mawimbi ndani ya tangi, jumla mara 20 hadi 30 ya ujazo kwa saa.

Sasa hewa. Maji ya bahari ya nyuzi 27 yakishiba hubeba oksijeni kama miligramu 6.5 tu kwa lita. Samaki wakubwa wanaanza kuhema juu ya maji muda mrefu kabla joto halijawa tatizo. Pampu moja ya mawimbi ya umeme wa DC, wati 25, iunganishwe na betri ya volti 12, saa-ampea 100. Betri ya asidi tumia nusu yake tu, wati-saa 600, hiyo ni saa 24 za kusukuma uso wa maji. Taa na skima ziache zizime.

Kuhusu kupoza: feni hufanya kazi kwa kuvukiza. Lita moja ikivukiza hubeba joto la uniti 0.67 za umeme (kWh), kwa hiyo lita 10 kwa siku ni karibu uniti 6.7, si haba. Lakini hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 ina kikomo: kwa kuvukiza huwezi kushuka chini ya takriban nyuzi 27, na hapo hufiki maana taa na pampu zinaendelea kupasha. Mwezi wa pili na wa tatu, feni peke yake Dar itakuacha kwenye 29 na zaidi. Nunua mashine ya kupoza ya nusu nguvu-farasi (HP) yenye koili ya titani, iweke 26. Ikae nje ukutani kwenye kivuli, mabomba yapite ukutani, la sivyo inatupa joto lake sebuleni na AC inalilipia mara ya pili. Iunganishe kupitia friji-gadi ili umeme ukirudi ingoje dakika kadhaa, kompresa ikiwashwa ingali na shinikizo huungua. Inveta ndogo haitaiwasha, mkupuo wa kuanzia ni mara kadhaa ya wati zilizoandikwa. Kwa bajeti ya Luku hesabu uniti 10 hadi 12 kwa siku kwa mfumo mzima.

Mbezi_Juu

Nashukuru sana, nimeshamwambia fundi auweke mdomo wa bomba sm 1 tu chini ya usawa huo. Sampu naiongeza iwe lita 250. Bado suala la maji. Jirani ananiambia bahari iko kilomita mbili, kwa nini nilipie chumvi?

Bamvu_na_Mafu

Jirani hajakosea kabisa, inategemea unachota wapi na lini. Chota wakati wa bamvu, mwezi mpevu au mwandamo, maji yakiwa yamejaa na yanakaribia kusimama. Hapo maji ya kina yameingia. Usichote wakati wa kupwa, wala karibu na mlango wa mto au mkondo, na maeneo ya Msimbazi mpaka Daraja la Salenda yaondoe kabisa kwenye orodha. Masika yote usichote, mvua hushusha chumvi na kuleta uchafu wa nchi kavu. Pima palepale kwa refraktomita (kipima chumvi) iliyosahihishwa kwa kimiminika cha chumvi 35 kwa elfu: ikisoma chini ya 34, mwaga. Yapitishe kwenye kichujio cha mikroni 5, yaweke kwenye mapipa meusi yenye mfuniko na pampu ndogo ndani, yakae giza angalau wiki mbili. Kisha pima fosfeti na nitreti kabla hayajaingia.

Hata hivyo kwa kujaza mara ya kwanza ningetumia chumvi ya pakiti. Mfumo wako ni kama lita 900 za maji halisi, gramu 36 hadi 38 kwa lita, yaani kilo 32 hadi 34. Unapata maji unayojua yana nini. Ya baharini yafae kubadilisha asilimia 10 kila wiki mbili, msimu ukiruhusu.

Mashine ya RO (inayosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia membreni) hukwepi kwa njia yoyote, kwa sababu kinachovukiza ni maji matamu na kinachorudishwa lazima kiwe maji matamu safi. Kisima chenye chumvi kitakula membreni haraka, kwa hiyo weka vichujio viwili kabla yake, na resini ya DI (ya kunasa chumvi iliyobaki) mwisho, kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Kwa kila lita moja safi, lita tatu au nne zinatoka kama taka. Usizimwagie bustani kama kisima chako kina chumvi, majani yataungua.

Kifaa cha kuongeza maji chenyewe kiwe na ndoo ya lita 40, si zaidi. Swichi ikikwama wazi, lita 40 zikaingia kwenye 900, chumvi inashuka kutoka 35 hadi 33.5, matumbawe yanavumilia. Pipa la lita 200 likimwagika lote, asubuhi umekuta kila kitu kimekufa na sakafu imelowa. Na popote maji yanapopita, kiungo cha shaba kisiwepo, hata koki moja. Shaba inaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kisichoonekana.

Tumbawe_Laini

Naongeza ya mawe na uhai, maana wengi wakifika hapa wanakimbia.

Mawe na mchanga msichukue baharini. Kung'oa mwamba hai ni kuvunja makazi, na ni kosa la sheria. Matumbawe magumu yote na kombe kubwa za Tridacna ziko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), kwa hiyo hata kipande kutoka nchi nyingine kinahitaji kibali. Nunua vipande vilivyokuzwa na omba karatasi zake. Kwa mwamba tumia mawe makavu kilo 50 hadi 60. Mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi, kama ya Kunduchi, yanafaa kwa msingi: sugua udongo, loweka kwenye maji ya chumvi yanayozunguka wiki nne, badilisha maji, pima fosfeti mpaka ibaki chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Mawe yakae juu ya kioo cha chini, mchanga umwagwe baadaye, la sivyo kamba mchimbaji atafukua chini yake na mnara utaanguka kwenye kioo. Mchanga wa sm 3 ni kilo 60. Ukitaka kujua kama ni wa chokaa, dondoshea siki kijiko kimoja: ukichemka mapovu ni wenyewe, ukikaa kimya ni wa silika.

Baada ya kujaza, tia kloridi ya amonia mpaka amonia isome miligramu 2 kwa lita, ongeza bakteria wa chupa, taa zizime. Subiri mpaka dozi hiyo iishe yote ndani ya saa 24 na nitriti isome 0. Kwa mawe makavu ni wiki nne hadi sita. Kisha utapita utando wa kahawia, halafu mwani wa kijani. Msiingize dawa, ingizeni konokono na punguzeni saa za taa ziwe sita.

Viwango vya kushikilia: joto 26, chumvi 35, alkalini 8 hadi 9 dKH (kipimo cha kaboneti majini), na kwa miligramu kwa lita: kalsiamu 420 hadi 440, magnesi 1300 hadi 1350, nitreti 5 hadi 10, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Fosfeti ikisoma 0 usifurahi, ndipo dinoflajelati (vijiumbe vya utando wa kahawia wenye kamasi) wanapotawala. Alkalini ikishuka, gramu 27 za baking soda hupandisha lita 900 kwa dKH 1, na hicho ndicho kikomo cha siku moja. Magadi ya sokoni hapana, yana mchanganyiko usiojulikana. Chokaa ya ujenzi pia hapana.

Taa kwa aina ulizotaja: PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na matumbawe) 80 hadi 150 kwenye mwamba, anza na nusu yake na upandishe kwa wiki nne. Matumbawe yakigeuka meupe wiki ya kwanza, mara nyingi ni mwanga umezidi.

Samaki kila mmoja apite karantini kwenye tangi la pembeni. Shaba itumike huko tu. Ugonjwa wa madoa meupe ukishaingia tangi kubwa, njia ni kutoa samaki wote na kuliacha bila samaki siku 76. Anza na jozi ya Amphiprion (samaki wadogo wa anemoni), wadogo wa kula mwani wafuate. Kangaja aingie mwisho, akitangulia atalitawala tangi lote. Chafi ni mlaji mzuri wa mwani, ila ana miiba yenye sumu mgongoni, msimshike kwa mkono.

Mbezi_Juu

Swali la mwisho: kwenye kisanduku cha kumwagia, meno ya upana gani?

Pimamaji

Milimita 6 kwa 6, kina sm 3, kwa urefu wa sm 60 wa kisanduku. Nyembamba zaidi ya hapo huziba na mwani, pana zaidi samaki wadogo wanapita. Kata kwenye akriliki inayochomoka, usikate kwenye kioo, ili uweze kuitoa kusafisha kila mwezi.