Ukoo: Zawadi na fizikia

Mama Zawadi: Wapendwa, matokeo yametoka. Zawadi amefaulu, na fizikia ndiyo imeongoza 🙏🏾 Sasa hapa nyumbani hatuelewani. Baba yake anataka uhandisi wa umeme, mwenyewe anataka shahada ya fizikia. Tusaidieni mawazo.

Bibi: Alhamdulillah. Hongera mjukuu wangu.

Mjomba Hamisi: Hongera sana mwanangu! 👏🏾👏🏾

Zawadi: Shikamooni wote. Asanteni sana.

Baba Zawadi: Sijaikataa fizikia. Ninachouliza ni kimoja: nani amewahi kuona tangazo la kazi limeandikwa "anatafutwa mwanafizikia"?

Shangazi Rehema: Marahaba Zawadi, hongera mama. Kaka, swali lako ni la haki. Matangazo hayo ni machache, kazi zenyewe zimejificha kwenye majina mengine. Mimi shahada ya kwanza ni fizikia, ya pili fizikia tiba, na ndiyo iliyoniweka hospitali.

Baba Zawadi: Si unapiga eksirei wewe?

Shangazi Rehema: Hapana kaka. Wanaopiga picha wamesomea radiografia, nayo ni njia nzuri kwa aliyefaulu fizikia. Mimi niko kwenye mashine ya mionzi ya saratani. Asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, tunaiwasha na kuipima kwa kifaa kinachosoma mionzi. Mgonjwa akiandikiwa grei 2 kwa siku (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), zitoke 2 kweli. Zikizidi, nyama isiyo na ugonjwa inaumia. Zikipungua, uvimbe unabaki. Tukikuta imepotoka zaidi ya asilimia 3, haingii mtu mpaka tujue sababu. Daktari anaamua dozi, sisi tunahakikisha inafika ilivyoandikwa, na mahali palipokusudiwa.

Zawadi: Shangazi hii sikuwahi kuisikia shuleni kabisa. Inachukua muda mrefu?

Shangazi Rehema: Mrefu. Shahada, uzamili, kisha mafunzo ya vitendo chini ya mtaalamu. Anayetaka mshahara wa haraka atachoka njiani, nakwambia mapema.

Baraka: Na mimi nitie neno. Jiofizikia. Tunatafuta maji chini ya ardhi: unapigilia vyuma vinne kwenye mstari mmoja, unapitisha umeme kwenye viwili vya nje, unapima volti kati ya viwili vya ndani. Ukivitanua, unasoma chini zaidi. Mwamba mkavu unakinza umeme sana, tabaka lenye maji linakinza kidogo. Zawadi, hiyo ni sheria ya Ohm ile ile ya darasani! Ugumu ni kwamba udongo wa mfinyanzi nao unakinza kidogo, unaweza kukudanganya ukachimba patupu. Hapo ndipo unapolipwa kwa kufikiri.

Mjomba Hamisi: Kompyuta je? Ndiko dunia iliko.

Baraka: Wengi wanaishia huko mjomba. Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti alisoma fizikia Oxford, akamaliza 1976. Pia kuna hali ya hewa, ukaguzi wa vipimo, na ualimu.

Mama Zawadi: Wifi, basi uhandisi aachane nao?

Shangazi Rehema: La hasha, wifi. Zawadi, nikuulize: majaribio ya saketi mliyofanya maabara, wewe ulipenda nini?

Zawadi: Taa kuwaka haikunisisimua sana. Nilitaka kujua kwa nini jibu letu halikulingana na la kitabu. Nilirudia vipimo mpaka mwalimu akafunga maabara.

Shangazi Rehema: Kaka, umesikia? Mwenye kiu ya kwa nini, fizikia itamfaa. Mwenye kutaka kitu kifanye kazi, uhandisi. Ila Zawadi, ujue hili: kwa kawaida shahada ya fizikia peke yake haitoshi kusajiliwa kuwa mhandisi. Na upande wa pili, baadhi ya vyuo huwapokea wahandisi kwenye uzamili wa fizikia tiba. Uulize kila chuo kabla ya kujaza fomu. Na hesabu usiiache hata muhula mmoja, kokote utakakoenda. Programu za kompyuta pia jifunze mapema.

Baba Zawadi: Hilo la usajili ndilo lililokuwa likinisumbua. Sawa. Zawadi, lete masomo ya kozi zote mbili, tukae tuyalinganishe mwaka kwa mwaka. Sijafunga mlango.

Zawadi: Asante baba. Leo jioni nitakuwa nayo. Kaka Baraka, naweza kuja kuviona hivyo vyuma?

Baraka: Jumamosi tuko kazini. Vaa viatu vya kufunga, na uje na daftari, wewe ndiye utakayeandika volti.