"Sasa inang'aa, mzee": fundi wetu kanifutia keya kwa msasa

Kabati_la_Mikindani:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnisamehe. Nimetoka sasa hivi kwa fundi wetu. Yule yule. Simtaji, mnamjua, na kama humjui basi hujawahi kuharibiwa kitu Mtwara hii.

Nilimpelekea kisanduku. KISANDUKU, si medali. Bawaba ya mfuniko ililegea, nikamwambia tia kipini tu, kazi ya dakika tano. Ndani ilikuwamo Military Medal, nishani ya ushujaa ya Waingereza, ya keya mmoja (askari wa King's African Rifles) aliyepigana Burma, fedha tupu, Mfalme George wa Sita upande mmoja, na kwenye ukingo pamegongwa namba ya askari, cheo, jina na jeshi lake. Nikaiacha humo kwa sababu velveti ilikuwa na kitako chake, imelala pale kama kichanga. Kosa langu ni hilo moja, msinikumbushe.

Leo narudi. Anafungua mfuniko taratibu kama anatoa posa, ananitazama, meno yote thelathini na mbili nje: "Sasa inang'aa, mzee."

Inang'aa! Kaisugua kwa msasa! Msasa wa mbao! Mfalme hana pua, amebaki kama papai lililomenywa. Ukingoni hakuna namba, hakuna jina, pamelainika kama kokoto za Shangani. Mtu kakwepa risasi za Wajapani kwenye tope la bonde la Kabaw 1944, kaja kuuawa na msasa wa shilingi mia tano kando ya muuza ming'oko.

Velveti ya bluu kaing'oa, kaweka sponji na kitambaa chekundu cha kochi. Kisanduku chenyewe ni kile cha Royal Mint, kiwanda cha sarafu na medali cha Uingereza. Sasa kinanuka gundi ya viatu. Na bado anadai elfu saba: tatu ya bawaba, nne ya kung'arisha. NNE YA KUNG'ARISHA. Namuuliza, jina la mtu liko wapi? Anasema, "Yale maandishi yalikuwa yanaleta uchafu, mzee."

Bawaba bado imelegea.

Ngisi_Mkavu:
Uzi bila picha ni umbea. Weka tuone hilo papai.

Kabati_la_Mikindani:
Picha ya nini? Chukua kifuniko cha sufuria ya harusi, kitazame juani. Ndiyo hiyo.

Mama_Pweza:
Nimecheka hadi mume kaamka. "Yalikuwa yanaleta uchafu" 😂😂

Mtoto_wa_Keya:
Tuulizane kwanza. Hiyo medali ya babu yako?

Kabati_la_Mikindani:
Niliinunua kwa mjukuu wake, Newala. Nilimbembeleza mwaka mzima.

Mtoto_wa_Keya:
Kwa hiyo ushujaa wa babu wa watu umeununua, na leo unalia wewe? Kwenye mgambo hukumaliza hata wiki. Fundi kafanya haki. Sasa haina jina, iandike lako.

Kabati_la_Mikindani:
Ndiyo hicho kinachoniua! Anayejua hizi vitu akiiona atasema mimi ndiye nimelifuta ili nigonge lingine. Matapeli hufanya hivyo hivyo. Nimekusanya miaka tisa, leo naonekana mwizi wa maiti. "Sasa inang'aa, mzee." Naisikia hata nikifumba macho.

Salfa_Daraja_la_Kwanza:
Pole mkuu. Kwa wasiojua: hizi nyota za Vita vya Pili, kama Burma Star, Waingereza waliwapa keya bila majina. Ukiwa nazo kumi huwezi kujua ya nani ni ipi. Military Medal ni ya mtu mmoja kwa kitendo chake, jina limo ukingoni, na 1993 waliacha kabisa kuitoa. Ndiyo maana jamaa analia. Na ule weusi haukuwa uchafu, fedha huwa hivyo ikikutana na salfa. Ulikuwa unaiweka wapi?

Kabati_la_Mikindani:
Stoo.

Salfa_Daraja_la_Kwanza:
Stoo yenye mifuko ya salfa ya mikorosho?

Kabati_la_Mikindani:
Mada ni fundi.

Mama_Pweza:
Nimeanguka 😂😂😂

Redio_ya_Chuno:
Fundi huyo huyo alishika redio yangu. Tangu siku hiyo inakamata Msumbiji tu. Mke wangu sasa anaomba chumvi kwa Kireno.

Ngisi_Mkavu:
Miwani ya mama alimpelekea akaze skrubu moja. Imerudi na mkono wa kushoto wa miwani nyingine, wa kiume.

Kabati_la_Mikindani:
Jamani, Military Medal.

Mjukuu_wa_Mpagazi:
Wewe una cha kufutiwa. Babu wa babu yangu alibeba masanduku ya risasi za wazungu hadi Mahiwa, Oktoba 1917, Lindi hapo. Von Lettow, jemadari wa Wajerumani, kasifiwa, Waingereza wamegawiana nishani, mzee wetu kavuliwa mzigo begani kaambiwa nenda. Hata kifungo cha shati hakupewa. Msasa tungeusugulia nini?

Salfa_Daraja_la_Kwanza:
Hapo umegusa penyewe. Na mchezo bado ni ule ule. Sisi tumepeleka korosho ghalani, chama chetu kinasema subiri, benki inasema subiri, mtoto kafukuzwa ada.

Ngisi_Mkavu:
Kwenu subiri ya wiki ngapi? Sisi magunia sita yamegeuka matano na nusu njiani. Mizani nao wana fundi wao?

Salfa_Daraja_la_Kwanza:
Unyevu, wanakwambia. Korosho ilikauka ikiwa kwao.

Redio_ya_Chuno:
Na yangu wameiita daraja la pili. Aliyepima alikuwa anakula zile zile.

Kabati_la_Mikindani:
Wakuu, hata jina la mtu kufutika ni jambo dogo kwenu?

Mama_Pweza:
Si dogo. Lakini magunia sita, kaka.

Mgeni_wa_Masasi:
Samahani, nimesoma juu juu. Huyo fundi anayeng'arisha yuko upande gani hasa? Jumamosi tuna harusi na masufuria yametuaibisha.