Mjadala: Unga wa ndimu uuzwe mnadani kama dawa ya vali ya moyo?

Mwanamada: Asidi ya sitriki, ndiyo unga wa ndimu, huyeyusha kalsiamu iliyoganda kwenye vali (mlango wa moyo) iliyokwisha kutolewa mwilini. Sasa kuna wanaouza unga wa ndimu kama dawa ya vali iliyobana. Wazuiwe au waachwe?

Zamu ya Usiku: Wazuiwe. Vali ya maabara inaloweshwa, haina damu. Ukiinywa asidi hiyo, ini hugeuza sitreti (chumvi yake) kuwa bikaboneti, si asidi tena. Ukiipitisha mshipani, inafunga kwanza kalsiamu ya damu: vidole ganzi, misuli inakaza, mapigo yanavurugika. Mfuko wa damu wa mililita 450 una mililita 63 za dawa yenye sitreti ili damu isigande, ndiyo maana anayeongezewa mifuko mingi haraka hupimwa kalsiamu, ikishuka apewe kalsiamu glukoneti ya asilimia 10. Lakini Dodoma kila kichachu ni dawa, kuanzia ubuyu.

Mbuyu wa Mpwapwa: Ubuyu umeingiaje? Sisi tunautia kwenye uji, ni chakula. Futa kauli.

Kizota: Kwanza ubuyu ni tartariki, si sitriki.

Mbuyu wa Mpwapwa: Tartariki ndiyo kubwa kwenye ukwaju na zabibu. Ubuyu una sitriki nyingi. Usisahihishe usichokijua.

Zamu ya Usiku: Ya ubuyu naifuta, ndugu yangu, samahani. Ya mshipani siifuti.

Mpima Eko: Mnagombania ubuyu na mgonjwa anasoma hapa! Vali ya aota, mlango wa kutolea damu moyoni, hufunguka sentimita za mraba 3 hadi 4. Chini ya 1, au damu ikipita kwa mita 4 kwa sekunde, imebana vibaya. Statini, dawa za kushusha lehemu, zilijaribiwa, majibu ya utafiti wa SEAS yakatoka 2008: vali ikaendelea kubana. Kinachosaidia ni kuibadilisha, kwa upasuaji au kwa mrija unaopitishwa mshipani, njia aliyoianza daktari Cribier kule Rouen, Ufaransa, mwaka 2002.

Kizota: Hayo ya wazee wa Ulaya. Vijana wetu wanaumwa vali ya maitro, ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, midomo yake imegandana kwa kovu la homa ya rumatiki. Ndimu itayeyusha kovu?

Mpima Eko: Haiyeyushi. Hao ni sindano ya benzathini penisilini ili homa isirudi, yuniti milioni 1.2 kila wiki 4, kwenye msuli.

Mbuyu wa Mpwapwa: Sindano hiyo inaziba njiani na wagonjwa wanaikimbia.

Zamu ya Usiku: Inaziba unga usipochanganyika vizuri. Tikisa mpaka mabonge yaishe, vuta na uchome papo hapo, usiiache itulie. Sukuma polepole bila kusimama. Ukisimama katikati inaganda ndani ya sindano, unamchoma mara mbili.