Diski iliyokwaruzika: mbona deki ya zamani inaicheza na mpya inaikataa?

Mkaazi wa Kibokoni:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninayo diski ya taarabu iliyorekodiwa kwenye harusi ya dada yangu. Aliyerekodi alitupa nakala moja tu, na hiyo moja imepitia mikononi mwa watoto, kwenye kabati lenye unyevu na ndani ya gari lililoegeshwa juani. Deki ya marehemu baba, ambayo mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa kidole, huicheza mwanzo hadi mwisho, ila kwenye wimbo wa tatu husikika mkwaruzo kwa sekunde chache. Deki mpya niliyoinunua juzi hufika hapo hapo ikakwama, ikabaki kurudia silabi moja ya mwimbaji. Redio ya gari ndiyo kabisa, huimeza kisha ikaitema. Je, zipo deki zilizoundwa kustahimili mikwaruzo, au nimeuziwa mbovu? Tena jirani ananishauri niisugue kwa dawa ya meno.

Fundi wa Majengo:
Waaleikum salaam. Huenda deki yako mpya ni nzima. Philips na Sony walipouweka mfumo huu wa diski za sauti (CD) sokoni mwaka 1982, walikwisha kujua kwamba diski itashikwa na vidole vya watu, kwa hivyo sauti haikupangwa juu yake kwa mfululizo kama nyimbo kwenye kanda. Vipande vya sauti hutawanywa, vikachanganywa na tarakimu za ziada za kukagulia, hata mkwaruzo ukifuta sehemu moja, deki huweza kukokotoa kilichopotea kutokana na kilichosalia. Pengo la hadi milimita 2.5 hivi kwenye njia ya sauti huzibwa kikamilifu, usijue kama palikuwa na kasoro. Likizidi hapo, deki hukisia kwa kutazama sauti iliyotangulia na iliyofuata, na ikishindwa hata kukisia hunyamaza kidogo. Hayo hupatikana kwa kawaida kwenye deki za bei nafuu na za bei ghali.

Tofauti iko kwenye jicho, yaani lenzi na mwale wa leza unaoisoma diski. Njia ya sauti imejizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, na mzunguko mmoja umeachana na wa pili kwa milimita 0.0016 tu, nayo lenzi yapasa kuufuata huku diski inazunguka. Mwale wa leza ukipotea gizani kwa muda, deki moja husubiri palepale hadi njia ionekane tena, nyingine hushtuka ikarukia mzunguko wa nyuma. Ndiyo sababu yako inarudia silabi. Niliwahi kufungua deki nyingi hapa dukani, na sijaona kwamba bei ndiyo inayoamua jambo hili. Ama redio ya gari, kwanza isafishwe lenzi, kwa kuwa vumbi na hewa ya bahari huiziba upesi.

Nieleze mkwaruzo umekaa vipi. Unaotoka katikati kwenda ukingoni hukata kila mzunguko mara moja kwa kipande kifupi, na mara nyingi hauna madhara. Unaofuata duara ndio mbaya, kwa sababu hulala juu ya njia yenyewe.

Bi wa Tudor:
Kaka, nakuomba usiiguse kwa dawa ya meno kabla hujawa na nakala. Mimi niliisugua diski ya mawaidha kwa kuzungusha kidole, kama mtu anayesugua sufuria, nikaichora mistari ya duara isiyohesabika. Ilikuwa inakwama mahali pamoja, ikawa haichezi popote. Ipanguse kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda nje, basi.

Fundi wa Majengo:
Bi amesema kweli. Kung'arisha kunasaidia pale tu mkwaruzo ulipo upande wa chini, kwa sababu huko kuna plastiki angavu ya unene wa zaidi ya milimita moja, na leza huipita kama jicho linavyopita vumbi lililo juu ya miwani. Upande wenye maandishi ndio wa kuogopwa, maana chini ya rangi ile kuna utando mwembamba mno unaorudisha mwanga, na ukibanduka hakuna fundi wa kuurudisha. Iinue mbele ya taa: ukiona vitundu vya mwanga, hapo sauti imekwenda. Kisha, kwa kuwa diski za kuchomwa, yaani za kurekodiwa moja moja kama yako, hutumia rangi inayoharibiwa na jua, inakili leo. Jaribu kwa kompyuta iliyowekwa mwendo wa chini kabisa, na ikishindikana, unganisha deki ya baba na kompyuta kwa waya.

Mkaazi wa Kibokoni:
Nimeitazama mbele ya taa, haina kitundu. Mkwaruzo uko chini, karibu na katikati, una urefu wa punje ya mchele nao umejipinda kufuata duara, kama ulivyoeleza. Kompyuta ilikwama palepale kwenye wimbo wa tatu, kwa hivyo nimenakili kwa deki ya baba usiku wa jana, kidole kikiwa kimeushikilia mlango mpaka mwisho. Ile kelele imebaki, nayo inaangukia pale ganuni inapoanza kujibu udi. Deki mpya sitairudisha dukani.