Spika zimebandikwa omu 8 kumbe ni 4, amplifaya ya baba imeungua na muuzaji hataki kusikia

Assalaam alaykum jamani. Naandika nna hasira na sitoficha, leo siku ya kumi na mbili nyumba yetu kimya na mzee wangu kila akishaswali alasiri anauliza redio itapiga lini, na mie sina la kumwambia.

Kwetu Kikwajuni, Unguja, kuna amplifaya ya Sansui, baba aliileta kutoka Dubai miaka ya 80 na spika zake mbili za mbao. Tumekua nayo, kaseti za taarab za Ikhwani Safaa zote nnazozijua nimezijulia hapo. Amplifaya mpaka juzi nzima kabisa, iliyochoka ni spika. Lile povu linalozunguka koni kwa joto na hewa ya bahari ya huku halidumu, ukiligusa linamung'unyika kama majivu. Mwaka jana fundi alizitia povu jipya zikapata pumzi kidogo lakini twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zishachoka. Nkasema basi ninunue spika mpya za ukumbini na hizi za zamani nizitoe barazani, amplifaya ina matundu ya A na B ya kuungia jozi mbili za spika, zipige zote.

Nkenda duka moja mjini, jina silitaji. Nkamuuliza muuzaji masuala mawili tu, omu ngapi, yaani spika inauzuia umeme kiasi gani, na wati za RMS ngapi, kwa sababu kwenye boksi pana maandishi makubwa wati 1200 PMPO, na hiyo PMPO ni namba ya kuuzia tu haikwambii chochote, RMS ndo inayokwambia spika inahimili kiasi gani ikipigwa mfululizo. Akanijibu "sheikh hizi mashine, RMS ndo hiyo hiyo." Nilikuwa niondoke pale pale. Lakini nyuma pana stika imeandikwa omu 8, na mie kilichokuwa kinanishughulisha zaidi ni omu, nkalipa laki mbili na themanini.

Kwa asojua kwa nini omu: amplifaya yangu nyuma imeandikwa kabisa, ukipiga A peke yake au B peke yake inakubali kuanzia omu 4, ukipiga zote mbili kila spika isipungue 8. Zikipiga pamoja 8 na 8 amplifaya inaona 4, na hapo ndo mwisho wake, ukishuka zaidi umeme unaopita kwenye transista, vile vidude vya ndani vinavyokuza sauti, unazidi, zinachemka mpaka zinaungua. Kwa hiyo nilihesabu, sikwenda kichwa kichwa.

Ilipiga siku mbili. Siku ya tatu usiku, na sauti wala haikuwa kubwa, upande wa kulia ukaanza kukwaruza, kisha harufu ya kuungua, nkakimbilia plagi.

Nkaipeleka kwa fundi Jang'ombe, mtu mzima, kafungua kaniambia transista za kulia zimekwenda, mwanangu hebu niletee na hizo spika. Akatia mita ya kupimia omu. Spika ya omu 8 kwa mita ya kawaida husoma kama 6 au 7, mana mita inapima waya wa koili tu. Zangu zinasoma 3.4, zote mbili! Akafungua boksi, ndani wufa mbili, zile spika kubwa za besi, za omu 8 kila moja zimeungwa sambamba, kwa hiyo boksi zima ni omu 4, ukiziunga na zile za zamani za 8 amplifaya inaona 2.67. Stika ya nyuma ni ya uongo.

Na hilo siyo lililoniuma peke yake. Kwa mbele kila boksi lina spika nne, wufa mbili, ya sauti za kati moja na twita moja. Ile ya kati HAINA WAYA. Koni ya plastiki imegandishwa pale ujaze macho, nyuma yake hamna sumaku wala koili. Ndo mana siku zile mbili kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, ikawa naisikia kwa mbali kama inapigwa nyumba ya pili, fidla zimefifia, besi inabwata tu, na mie nadhani labda kaseti imechoka.

Nkarudi dukani na spika na karatasi ya fundi. Ananambia mali ikishatoka hairudi, na hiyo amplifaya yako kongwe ilikuwa ife tu. Ife tu! Imestahamili miaka yote hii ya umeme kupanda na kushuka, imekaa kimya ile miezi mitatu Unguja nzima haina umeme, mwisho wa 2009 mpaka 2010, na umeme uliporudi ikawaka, leo uzee uje kuiua siku ya tatu ya spika zako?

Anokwenda kununua spika achukue mita, apime mbele ya muuzaji kabla hajatoa hata shilingi, atie sikio kila spika imo inalia au haimo, na akikatazwa kupima aondoke.

Jumamosi narudi dukani na fundi wangu, nataka pesa za spika na za matengenezo. Na mwenye kujua transista za Sansui za zamani zinapatikana wapi, za kweli siyo zile zilofutwa namba zikaandikwa nyengine, aniandikie hapa. Hata kama zipo Pemba ntavuka.