Ushauri: vyombo vya zamani vya sake vya bati, shaba na chuma, kipi cha kunywea na kipi cha kabatini?

Ufukwe_88
Wakuu, habari za jioni. Nakusanya vyombo vya Kijapani vya kupashia na kumiminia sake, ile pombe yao ya mchele, vya metali tu. Nilicho nacho mkononi ni chirori kimoja, kile kijagi kirefu chenye mdomo kinachotumbukizwa kwenye maji moto. Rangi yake ni ya fedha iliyofifia, sumaku haikishiki, mkono umezungushiwa henzirani, chini hakuna mhuri. Kwenye mnada wa mtandaoni huko Japani nafuatilia viwili: chirori cha shaba kilichofuliwa kwa nyundo, muuzaji anadai ni cha Tsubame, na choshi cha chuma, yaani kibirika cha kumiminia sake, chenye kifuniko cha kauri. Nikague nini kwenye picha kabla ya kuweka dau? Na hiki cha mkononi nitajuaje kama ni bati safi au kina risasi, ile metali yenye sumu?

DauLaMwisho
Mkuu, tuliozoea kuagiza magari Japani tumedekezwa na karatasi ya mnada: daraja 4, daraja 3.5, R (lililogongwa likatengenezwa), mikwaruzo imechorwa yote. Kwenye vyombo vya kale hakuna kitu hicho. Una picha na maneno machache ya muuzaji, kwa hiyo yajue maneno yenyewe. 現状品 maana yake unauziwa kilivyo, usirudi kulalamika. 凹み ni mbonyeo. 水漏れ ni kuvuja; ukiliona pamoja na 未確認, hajakijaza maji kuangalia. Akiandika 金属製 tu, yaani "cha metali", hajathubutu kutaja metali gani, na wewe usimsaidie kwa kukisia. Anayejua ana bati huandika 錫, na cha fedha halisi huandikwa 純銀.

Sanduku nalo lina mambo yake. 共箱 ni sanduku la mtengenezaji mwenyewe, lenye maandishi na mhuri wake. 合わせ箱 limetafutiwa chombo baadaye. Bei zake hazipaswi kulingana, ila wauzaji wengine hupiga picha ya mbao nzuri wakanyamaza.

Omba picha nne: ndani kwa mwanga wa tochi, chini, ungio la mdomo na mwili, na kishikio cha kifuniko. Hiyo ya nne watu huidharau. Baadhi ya vifuniko vya zamani vina kishikio cha pembe ya ndovu, na biashara ya kimataifa ya pembe ilifungwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu 1990. Kukiingiza Kenya au Tanzania bila vibali ni kesi, hata kama kishikio ni kidogo kama punje ya hindi. Mfupa una vitundu vyeusi vidogo vidogo. Pembe ya ndovu, ukitazama sehemu iliyokatwa kwa upana, ina mistari myembamba inayopishana kama wavu. Ukiwa na shaka, acha kipite.

ShabaNyekundu
Nijibu la Tsubame. Mji huo uko mkoa wa Niigata, na kazi yao ni kufua bamba moja la shaba hadi liwe chombo. Jina peke yake halitoshi kukupandisha dau. Angalia mdomo. Kazi ya juu kabisa ni mdomo uliofuliwa kutoka bamba lilelile la mwili: tochi ikimulika ndani huoni mshono wala ukingo, shaba inapinda tu kuingia mdomoni. Mdomo ulioungwa kwa lehemu una mstari kuuzunguka ndani, mara nyingi na tone la kijivu lililoganda. Si kitu kibaya, ila si kazi ileile.

Halafu bati la ndani. Chirori cha shaba hupakwa bati kwa ndani kwa sababu sake ina asidi, pH yake iko karibu 4.3, na asidi hula shaba. Ukiona mabaka mekundu, bati limeisha. Ukiona kijani, limeisha zamani. Mabaka ya ukubwa wa ukucha yanatosha kukiondoa kwenye kunywea hadi kipakwe upya, na fundi atumie bati lisilo na risasi.

Rangi ya nje usiiguse kwa limau, siki wala dawa ya kung'arishia shaba. Ule weusi au wekundu wa kahawia ulitiwa makusudi kwa dawa. Dakika mbili za limau unaufuta na haurudi.

Kinu_na_Mchi
Choshi cha chuma: kifuniko cha kauri kisikutishe, mara nyingi si kwamba cha asili kilipotea. Choshi nyingi zilitembea na kifuniko cha ziada cha kauri, wakibadilisha kulingana na meza. Cha kukagua ni kama kinakaa bila kucheza, na kama ukingo wa chuma una ufa mwembamba. Ufa wa chuma kilichomiminwa kwenye kalibu hauzibiki kwa lehemu ya kawaida.

Kutu nyekundu kidogo ndani si msiba. Chemsha maji na majani ya chai ya kijani kwa moto mdogo dakika 30, acha yapoe humohumo, mwaga, rudia siku mbili tatu. Tanini za chai hushikana na kutu kufanya utando mweusi, na maji yanaacha kuwa mekundu. Lakini fanya hivyo kwenye chuma kitupu tu. Ukiona ndani kunang'aa kama sahani, hiyo ni enameli, na choshi yenye enameli haiwekwi motoni. Sake isilale humo: mimina, nywa, suuza kwa maji moto bila sabuni, kausha saa hiyohiyo. Pwani, kwa hewa ile ya chumvi, "nitakausha kesho" ndiyo kutu yenyewe.

Sonara_Mstaafu
Tuje kwenye risasi. Kwanza, bati hapa si lile la kuezekea; lile ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe lina uzito wa gramu 7.29 kwa kila mililita, risasi 11.34. Kwa hiyo uzito unasema.

Pima chombo kikavu. Weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza chombo kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Gramu unazosoma sasa ndizo mililita za ujazo wake. Gawanya uzito kwa ujazo. Karibu 7.3 ni bati. Risasi asilimia 10 inakupeleka karibu 7.56, asilimia 20 karibu 7.85.

Ufukwe_88
Shukrani sana wakuu. Nimepima: kikavu gramu 318.4, ndani ya maji 46.1. Jibu ni 6.9. Kwa hiyo ni salama?

Sonara_Mstaafu
Hapana kaka, 6.9 ni chini ya bati lenyewe, kwa hiyo kipimo ndicho kimekosea. Henzirani inachukua nafasi majini na haina uzito wa maana, na povu la hewa likijificha mdomoni ni hivyohivyo. Vyote viwili vinaficha risasi. Usifungue henzirani, itakatika. Pima kifuniko peke yake, ila kwa mizani ya sonara inayosoma 0.01, maana kwa kitu kidogo kosa la gramu 0.1 linaharibu jibu lote. Tia tone la sabuni majini ili povu lisishike.

Ufukwe_88
Kifuniko: 41.30, majini 5.46.

Sonara_Mstaafu
7.56. Kama ni bati na risasi tu, hiyo ni kama asilimia 10. Wala si ajabu: kabla ya 2008 sheria ya Japani ya vyombo vya chakula ilizuia metali yenye risasi kuanzia asilimia 10, na mwaka huo mpaka ukashushwa hadi 0.1. Kipeleke kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mashine ya eksirei, mwambie apime kwa mpangilio wa metali za kawaida, si wa dhahabu, na aelekeze kwenye mwili, kwani kifuniko kinaweza kuwa cha chombo kingine. Hadi hapo, kabatini. Sake ya moto ndani ya bati lenye risasi ni asidi na joto kwa pamoja, na hivyo ndivyo risasi inavyoingia kwenye kinywaji.

ShabaNyekundu
Naongeza: ukikuta kinavuja, usimpe fundi redio. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka karibu nyuzi 217 na bati lenyewe 232, kwa hiyo akizubaa kidogo mwili wote unadondoka. Ile ya bati na bismathi inayeyuka kwa 138, hiyo inafaa. Na kwa sababu hiyohiyo, chirori hakiwekwi juu ya moto hata siku moja: chemsha maji, zima, yakifika kama nyuzi 80 ndipo utumbukize.