Tupeane uzoefu: ni lini kauli ya mtoto ilibadilisha uamuzi wa wakubwa?

Wanajamvi, naomba tusimuliane jambo moja tu: siku ambayo mtoto alisema, na wakubwa wakabadili walichokwisha kuamua. Sitaki turudie mjadala wa kama watoto wasikilizwe au la, kwa kuwa ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika kila jambo linalomhusu, na inataka maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ninachoulizia ni huo uzito. Nyumba nyingi humwuliza mtoto anataka nini, kisha hufanya lilelile lililokwisha kupangwa. Naye akishaona hivyo mara kadhaa hunyamaza, nasi tukamsifu kwa utiifu.

Naanza mimi. Binti yetu akiwa na miaka kumi tuliamua aende shule ya bweni, na fomu tulikwisha kuzijaza. Akaomba tukae kikao. Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne: upande mmoja ameandika sababu zetu kama alivyozielewa, upande wa pili za kwake. Akasema, “Mnataka nijifunze kujitegemea. Basi nianzie hapa nyumbani, nipange mwenyewe saa zangu za kusoma.” Fomu hazikupelekwa. Wanaodhani kauli ya mtoto huzaa utovu wa adabu wajue kwamba alitupinga hoja kwa hoja bila kuacha kutuita baba na mama.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni mwalimu. Nilivutiwa sana na Janusz Korczak, daktari aliyelea mayatima katika kituo jijini Warszawa, Poland, ambako watoto waliendesha mahakama yao wenyewe na hata mlezi aliweza kushtakiwa humo. Korczak mwenyewe alifikishwa mbele ya mahakama hiyo. Darasani kwangu jambo hilo lilianza kwa njia ndogo. Kiranja alikuwa akiandika majina ya wapiga kelele, na aliyeandikwa aliadhibiwa papo hapo. Wanafunzi wakaomba kila aliyeandikwa apewe nafasi ya kujieleza kabla ya adhabu, nami nikakubali. Muda si mrefu orodha ikapungua, kwa sababu kiranja alitakiwa sasa kusema mbele ya wenzake alichokisikia hasa, na yale majina ya watu aliogombana nao yakatoweka. Nionavyo, haki ya kujitetea hufundishwa vizuri zaidi kwa kutumiwa kuliko kwa kuandikwa ubaoni.

Mchangiaji wa tatu: Nasimulia kama niliyekuwa mtoto huyo. Wazazi wangu walipoachana, hakimu aliniita peke yangu. Hakuniuliza nampenda nani zaidi, swali ambalo ndugu wote walikuwa wameniuliza hadi nikawa nawakimbia. Aliniuliza naamka saa ngapi, nani hunisaidia masomo, na nikiumwa huwa namwambia nani. Uamuzi ulifuata nilichosema kuhusu kubaki shule ileile. Kuhusu kuishi nyumba moja na dada yangu haukufuata, lakini hakimu alinieleza sababu mimi mwenyewe, kwa maneno niliyoyaelewa, na nikaweza kumwuliza maswali.